Marahaba ya Dirishani

Hadi leo nikipita mahali nikaona kioo cha kompyuta kinawaka na chumbani hakuna mtu, nasimama ghafla. Nikiwa na mwenzangu huniuliza nimeona nini. Namwambia sijaona kitu. Kisha najuta kusema hivyo, maana maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mbele ya mzee mmoja, na yakamtoa kazini.

Mzee huyo alikuwa mlinzi wa shule niliyofundisha kompyuta, huku upande wa Mazinde, kwenye ardhi ambayo zamani ilikuwa mkonge mtupu. Wanafunzi walimwita Mzee Mlinzi, walimu tulimwita Mzee Mlinzi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Ukoo wake sikuwahi kuuliza. Nilijua tu kwamba kwake ni Handeni, ndani kidogo kutoka Mkata, na kwamba kila mwezi alikwenda siku mbili kuwaona mama watoto na mahindi, akarudi na muhogo kwenye mfuko wa salfeti akatugawia.

Alikuwa na koti moja refu la kijani kilichopauka, lenye vifungo vinne ambavyo kila kimoja kilikuwa na rangi yake. Alilivaa hata Januari, jua likiwa linapasua. Ukimwambia avue apate hewa, anakutazama kama umemwambia avue suruali. Alisema mtu aliye kazini lazima aonekane kwa mbali kwamba yuko kazini. "Mlinzi anayejificha, mwalimu, anamlinda nani?" Swali hilo aliniuliza labda mara hamsini.

Kukaa alikuwa hakai. Walinzi wengine niliowahi kuwaona hukaa kwenye kibanda na redio. Yeye alizunguka. Alikuwa na njia yake: geti, bweni la wasichana, jiko, tangi la maji, chumba cha kompyuta, halafu geti tena, na nyasi zilikuwa zimekufa mahali alipopita. Kibanda alikitumia kuwekea sufuria na kijipaneli chake cha sola, ukubwa wa kitabu cha mahudhurio, alichonunua Korogwe mjini kwa ajili ya tochi.

Usidhani alikuwa mtu wa chuma. Aliwahi kumkimbiza mwizi wa mabati mpaka barabarani akiwa na rungu tu, lakini akiona kinyonga kwenye ua, basi, siku hiyo njia imefungwa. Anasimama mbali anaita, "Jamani, kuna mdudu!" mpaka msichana wa Kidato cha Kwanza aje amtoe kwa kijiti. Alikuwa Mwislamu asiyeacha swala hata moja, na papo hapo nyimbo zote za kwaya ya kambi ya mkonge alizijua sauti ya kwanza mpaka ya nne. Jumapili kwaya ya wanafunzi ikikosea, anasimama dirishani na koti lake anawaambia, "Hapo besi mmechelewa." Mwalimu wa kwaya alikasirika, kisha akazoea, mwishowe akawa anamwuliza.

Alipenda ripoti kupita kiasi. Kila asubuhi nikishuka kwenye basi na kumpa shikamoo, kabla sijafika ofisini ananipa habari za usiku mzima: mbwa wangapi wamepita, lori gani limesimama na kwa nini, ni taa ya bweni gani imechelewa kuzimwa. Mimi asubuhi si mtu wa kuongea. Nilikuwa naitikia "eeh, eeh" huku natafuta funguo. Ananishika mkono. "Sikiliza kwanza, mwalimu. Usiposikia, nimekesha bure."

Siku moja binti yake aliye Dar alitaka kumwonyesha mjukuu aliyezaliwa. Simu ya mzee ilikuwa ile ya tochi, kwa hiyo binti akanipigia mimi kwa video. Nilimshikia simu mbele ya uso. Mzee alimwona binti, akamwona mtoto, akaanza kuongea Kizigua kwa furaha, halafu ghafla akanigeukia.

"Na yeye ananiona?"

"Anakuona, mzee. Uso wake ukiwa kwenye kioo hapa, ujue na yeye anakuona wewe huko."

Akarudisha kofia katikati ya kichwa. Akafunga kifungo cha juu cha koti. Ndipo akaendelea kuongea. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, na nilikisimulia kisa hicho ofisini wiki nzima. Laiti ningejua nimemfundisha nini siku ile, nisingecheka.

Mwaka uliofuata tukapata kompyuta kumi na moja, zilizotumika, na betri za sola za kuziendesha. Mashine zenyewe zilikuwa ndogo kama tofali, hazikuwa na uchu wa umeme. Vioo ndivyo vilikuwa vikubwa na vya zamani, na hivyo ndivyo vilivyokula. Nikaziwekea zote mfumo wa Linux, maana haidai leseni wala haisumbuliwi sana na virusi vya flashi za wanafunzi. Zilikuwa zinachukua muda mrefu kuwaka, nyingine mpaka uzibembeleze, kwa hiyo nikatoa amri: mtu akimaliza asizime mashine, atoke tu kwenye akaunti yake, irudi kwenye ule ukurasa wa kuingilia unaokuuliza wewe ni nani na neno lako la siri ni lipi. Kioo kitajizima chenyewe baada ya dakika tano.

Nilijuaje kwamba kitajizima? Nilikuwa nimeweka mipangilio mwenyewe. Niliingia kwa akaunti yangu kwenye kila mashine, nikaandika dakika tano, nikakaa nikasubiri, kioo kikawa cheusi. Mashine kumi na moja, zote nilizijaribu. Nilijipongeza.

Kwenye ukurasa ule wa kuingilia kulikuwa na majina mawili, Mwanafunzi na Mwalimu. Watoto walikuwa wananibonyezea la Mwalimu kila mara na kukosea neno la siri, kwa hiyo nikaweka picha yangu pale, ile ya pasipoti niliyovaa ushungi wa kijani, kubwa kadiri ilivyokubali, wajue hapo si pao. Ikasaidia.

Tangu wiki ile betri zikaanza kufa. Nikifika asubuhi chumba kiko kimya, hakuna hata taa nyekundu, Kidato cha Nne wamekaa mbele ya vioo vyeusi wanasubiri jua lipande. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, mwezi. Mtihani wa vitendo ulikuwa unakuja na watoto walikuwa hawajui hata kuhifadhi faili.

Jambo moja lilibadilika ambalo mimi nililifurahia kijinga. Ripoti za mzee zilifupika. Nilikuwa nampa shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anasema, "Mvua ya jana ilinipiga vibaya, lakini umeona mwenyewe." Au, "Wale ng'ombe waliingia mpaka tangini. Mengine umeona." Nilijua ni namna ya kusema tu, kama sisi wote tunavyosema "si unaona mambo yenyewe". Nikaitikia eeh, nikaingia ofisini mapema. Niliona hata koti ameanza kulifua, na yale mavifungo ya rangi rangi ameyabadilisha, yamekuwa manne ya namna moja. Nikasema moyoni mzee anataka kuoa.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alitaka kujua umeme unaliwa na nani wakati shule imelala, na usiku anayekuwa macho ni mmoja tu. Asubuhi moja akapita kibandani akakuta simu tatu za madereva wa bodaboda mezani, zimejaa chaji. Mzee alisema amezichaji mchana kwa kijipaneli chake. Mkuu akakitazama kile kijipaneli, akacheka kwa pua, akamwita ofisini. Akaniita na mimi, kwa kuwa chumba ni changu.

Mzee aliingia akiwa na koti, vifungo vimefungwa mpaka juu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nakumbuka hilo lilinishangaza.

"Mzee, umeme wa kompyuta unaufanyia nini usiku?" mkuu akauliza.

"Sijawahi hata kuingia mle ndani, mkuu. Napita dirishani tu. Na shahidi ninaye."

"Nani?"

"Mwalimu huyu hapa." Akanigeukia, karibu anatabasamu. "Mwalimu, si uliniona? Usiku wote huo si ulikuwa unaniona?"

Nilikuwa nimetoka kubishana na watoto thelathini na nane mbele ya vioo vilivyokufa. Nilikuwa nimechoka. Nilidhani anatapatapa, ananivuta mimi ninayelala Korogwe mjini kwenye kitanda changu niingie kwenye uongo wake, na nikaona aibu kwa ajili yake.

"Mimi sikuona kitu, mzee," nikasema.

Uso wake sitausahau. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba na hawakuwa hivyo. Alinitazama, akamtazama mkuu, akanitazama tena kama mtu anayehakikisha ni mimi kweli. Halafu akatoa tochi mfukoni, akatoa funguo za geti, akaviweka mezani taratibu bila kelele.

"Kama mwalimu hakuona," akasema, "mimi shahidi mwingine sina."

Hakuomba msamaha wala kujitetea. Siku hiyo hiyo alichukua sufuria na kijipaneli chake akapanda basi. Wanafunzi wa kwaya walilia. Mimi nilijisemea kwamba asiye na hatia angepiga kelele, na nikaendelea na kazi.

Akaja mlinzi mwingine. Betri zikaendelea kufa. Tukasema zimezeeka, mzee amezichosha. Karibu mwaka mzima tulisema hivyo. Wazazi wakahangaika, zikaja betri mpya, nzito mpaka wanaume wanne kuzibeba, na kabla wiki haijaisha nazo zikawa zinaamka zimekufa. Mkuu akaniambia ukumbini, "Na huyu naye mwizi! Walinzi wote wako hivi?" Akasema Jumatatu atamwita ofisini.

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake, Jumamosi, nilikuwa na Kidato cha Nne mpaka saa sita mchana. Walipomaliza wakatoka kwenye akaunti zao kama nilivyowafundisha, wakaenda kula. Mimi nikabaki nyuma ya darasa nasahihisha madaftari. Nilisahihisha daftari la kwanza, la pili, la kumi. Nikainua macho kupumzisha shingo.

Nyuso zangu kumi na moja zilikuwa zinanitazama.

Ushungi wa kijani, kumi na moja, mstari mmoja, zinawaka. Nikatazama saa. Dakika arobaini zilikuwa zimepita na hakuna aliyegusa kitu. Nikasema labda ni mashine hii moja, nikaenda kwenye ile, nikasimama katikati ya chumba nikihesabu kama mwendawazimu. Hakuna hata kimoja kilichozima. Nikakaa tena saa nzima, kalamu mkononi, na vioo vikaendelea kuwaka kana kwamba sikuwahi kuweka mpangilio wowote.

Baadaye nilimweleza mkuu hivi, na nitaeleza hapa vivyo hivyo. Ukurasa wa kuingilia si wa mwalimu wala si wa mwanafunzi. Una mwenyewe. Ndani ya mashine kuna mtumiaji mmoja asiyeonekana, kazi yake ni kusimama mlangoni tu, na ana mipangilio yake binafsi. Ile dakika tano niliyoweka ilikuwa yangu, inafanya kazi nikiwa nimeingia. Nikishatoka, naondoka nayo. Yule wa mlangoni hakuna aliyemwambia azime, kwa hiyo hakuzima. Na mimi majaribio yangu yote niliyafanya nikiwa ndani. Kumi na moja, zote nikiwa ndani.

Kurekebisha hakukufika dakika ishirini. Faili dogo la mistari michache, la yule wa mlangoni, na amri moja ya kuifanya mashine ilisome. Nikaziwasha mashine zote upya, nikakaa bila kuingia. Dakika tano, vioo vyote vikawa vyeusi. Nikaweka kichwa juu ya meza nikalia kwa sauti. Jumatatu asubuhi betri zilikuwa zimejaa tele, na mkuu aliposikia akavuta karatasi akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe.

Basi la kwenda Chalinze lilinishusha Mkata saa nne asubuhi. Nikachukua bodaboda. Kijana alimjua mara moja. "Yule mzee wa koti," akasema.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya muhogo na mama watoto. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, safi. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, ndogo, ya adabu tu. Mama akaniletea kigoda. Hakuna aliyetabasamu.

Nikatoa barua. Mzee akasema, "Isome kwa sauti, na huyu asikie. Aliambiwa ameolewa na mwizi wa umeme." Nikaisoma. Mkuu aliandika kwamba mlinzi hakuchukua kitu chochote, kosa lilikuwa la mitambo, na shule inamwomba radhi na kumwomba arudi. Mama alifuta kisu kwenye kanga.

"Kwamba hakuiba nilijua," akasema. "Nilichokuwa sijui ni kwa nini mwalimu alisema uongo."

"Sikusema uongo, mama. Nilikosea kuzipanga kompyuta. Vioo vilikuwa vinawaka usiku kucha mpaka betri zinakwisha, na mimi sikujua."

"Mpaka saa nane," mzee akasema.

Nilimgeukia. "Umesemaje, mzee?"

"Si usiku kucha. Ulikuwa unazima saa nane. Nilikuwa nasema, sasa mwalimu amelala, na mimi nikae kidogo." Akaweka muhogo chini. "Kila nikipita dirishani nakukuta uko macho. Kumi na moja, ushungi wa kijani. Nikasema huyu binti ana kazi, mchana anafundisha na usiku ananiangalia. Nikanunua vifungo."

Sijapata kushtuka vile, na sidhani nitashtuka tena. Barua ilinidondoka kwenye maganda ya muhogo. Uso wake ukiwa kwenye kioo, ujue na yeye anakuona. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikisema hivyo, na kicheko changu nyuma yake. "Umeona mwenyewe." "Mengine umeona." Na pale ofisini, "Mwalimu, si uliniona?" Mtu yule hakuwa anatapatapa hata kidogo. Alikuwa na mashahidi kumi na mmoja, na wote walikuwa mimi, na wote nikawakana.

"Mzee," nikasema. "Ile ilikuwa picha tu. Ya kwenye pasipoti. Haioni."

Nilidhani sasa atakasirika, na nilitamani akasirike.

"Kwa hiyo hukuniona."

"Sikukuona, mzee."

"Hata usiku ule wa ng'ombe?"

"Hata usiku ule."

"Mwaka mzima nimesema umeniona ukanikana," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa peke yangu." Akatazama koti lake msumarini. Sijui lipi lilimuuma zaidi, na sikuthubutu kuuliza. Mama alimwambia kitu kwa Kizigua, kwa upole, naye akatikisa kichwa.

Kurudi kazini alikataa. Alisema miguu imezoea shamba. Lakini barua aliiokota, akaipangusa maganda, akaikunja mara nne, akainuka na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kisha alinisindikiza hadi njiani kwenye bodaboda, akiwa amelivaa koti lenyewe, vifungo vinne vya namna moja, jua likiwa utosini.

Sikujua namna ya kuaga. Nilisimama pale, nikafanya kitu cha kitoto. Nikapiga magoti tena kwenye vumbi, ingawa tulikwisha kusalimiana.

"Shikamoo, mzee."

"Hiyo ni ya nini? Si umeshanipa."

"Ni ya zile za dirishani. Usiku wote ulipita na mimi sikukusalimia."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimewasingizia watu wengine kabisa jambo la aibu.

"Mtoto wa watu unaniona mkubwa wako napita, utaacha kunisalimia?" akasema. "Nilijua unanisalimia, sauti ndiyo haipiti kwenye kioo. Zile zote, mwalimu, nilishaziitikia."